Betri inayovuta hewa, makaa yenye naitrojeni, na maneno yanayosemwa kuhusu vifuu vyetu

Betri inayovuta hewa si kitu kigeni kama wengi wanavyodhani. Ikiwa nyumbani kwenu kuna mzee anayevaa kifaa cha kumsaidia kusikia, basi huenda mnayo tayari. Ni ile betri ndogo kama kidonge, yenye kibandiko cha rangi juu yake. Kibandiko hicho hakikuwekwa kwa urembo. Chini yake mna vitundu vidogo mno, ukikibandua hewa huingia, na hapo ndipo betri huanza kazi. Ndiyo sababu watu huambiwa waiache dakika chache baada ya kuibandua kabla ya kuitia kwenye kifaa, na ndiyo sababu ukishaibandua hakuna kuweka akiba: itaisha nguvu baada ya wiki chache hata usipoitumia. (Na jamani, ziwekeni mbali na watoto. Mtoto akiimeza ni mbio hospitali, si jambo la kungojea asubuhi.)

Hiyo ni betri ya zinki na hewa, na kasoro yake ni moja: ikiisha imeisha, haichajiwi. Kwa muda sasa maabara nyingi za Uchina, Marekani, Japani na Ulaya zimekuwa zikitafuta namna ya kutengeneza ile inayochajika, kubwa ya kutosha kuwasha nyumba au kuendesha pikipiki, na isiyokuwa na madini ya bei ghali ndani yake. Kitu kilichowapa matumaini ni makaa. Si makaa ya jikoni kama yalivyo, bali kaboni iliyotiwa atomu za naitrojeni.

Nimeulizwa sana habari hii tangu yaanze kusambaa maneno kwamba vifuu vya nazi na maganda ya kamba wa baharini vyaweza kuwa malighafi yake. Nimesomesha kemia sekondari kwa miaka mingi, kwa hivyo nitaieleza kama nilivyozoea kuieleza darasani, kisha nitasema langu kuhusu hivyo vifuu.

Tuanze na mawe ya tochi

Wengi wetu utotoni tulivunja betri za tochi, zile tulizoziita mawe, tukachezea vilivyomo. Nje mlikuwa na kopo la zinki, ndani unga mweusi wa kuchafua mikono, na katikati kijiti cha kaboni tulichokitumia kuandikia ukutani. Asili ya betri ile ni kazi ya Mfaransa Georges Leclanché ya mwaka 1866. Zinki hutoa elektroni, elektroni hupita kwenye balbu, na huingia upande wa pili. Upande wa pili lazima pawe na kitu cha kuzipokea, na mpokeaji ni ule unga mweusi, oksaidi ya manganizi. Unga ule ni kama ghala la oksijeni, na ndio unaojaza sehemu kubwa ya kopo.

Sasa jiulize: kwa nini tubebe oksijeni ndani ya unga ilhali hewa inayotuzunguka ina oksijeni asilimia 21, bure? Toa unga, weka ukuta mwembamba unaopitisha hewa, na nafasi iliyobaki ijaze zinki. Hiyo ndiyo betri ya metali na hewa. Wazo lenyewe ni la karne ya 19, na kufikia miaka ya 1930 betri kubwa za namna hii zilikuwa zikitumika kwenye taa za ishara za reli kule Marekani.

Faida yake yaonekana kwenye mizani. Betri ya gari ya risasi na asidi hubeba kama wati-saa 30 hadi 40 kwa kila kilo. Betri za lithiamu za simu na pikipiki za umeme ziko kati ya 150 na 270 hivi. Zinki na hewa, kwa hesabu ya karatasi, yafika 1,086. Kwa vitendo haifiki huko, lakini hata nusu yake ni jambo kubwa. Isitoshe, zinki ni rahisi, hupatikana kwa wingi, haishiki moto kama lithiamu, na maji yaliyomo ndani ni maji kweli yenye haidroksaidi ya potasiamu, si mafuta yanayowaka.

Ziko metali nyingine. Alumini ina nguvu zaidi ya zinki ila huwezi kuichaji ndani ya maji. Lithiamu na hewa ndiyo inayovutia zaidi kwenye karatasi na inayosumbua zaidi kwenye meza. Chuma na hewa ni nzito na ya polepole, lakini kampuni ya Form Energy ya Marekani inaitengeneza kwa ajili ya gridi, betri ya kutoa umeme kwa saa 100 mfululizo. Mimi nitabaki na zinki, maana ndiyo iliyo karibu zaidi na nyumba zetu.

Oksijeni ni mvivu

Mtu akisikia haya hudhani kazi imekwisha: zinki upande mmoja, hewa upande wa pili. Haikwisha. Oksijeni ya hewani hutembea wawili wawili, atomu mbili zilizoshikana sana. Ili ipokee elektroni ni lazima mshikamano ule uvunjwe, elektroni nne ziingie, na maji yahusike, ndipo upate haidroksaidi. Ukiiacha yenyewe, shughuli hii huenda polepole mno hata betri isiwashe kitu. Hapa ndipo panapohitajika kichocheo.

Kichocheo ni kama dalali. Muuzaji na mnunuzi wapo, bei yajulikana, ila hawakutani mpaka dalali awakutanishe. Biashara ikimalizika dalali yuko pale pale, anangojea wengine. Tofauti ni kwamba kichocheo kizuri hakichukui kamisheni.

Kuna dalali mbaya pia. Badala ya kuipa oksijeni elektroni nne kwa mkupuo, yeye huipa mbili, na kinachotoka ni peroksaidi, ndugu wa ile dawa inayotoa povu kwenye kidonda. Hapo umepata nusu ya elektroni ulizostahili, na peroksaidi yenyewe huanza kula betri kutoka ndani. Kwa hivyo watafiti wakipima kichocheo, swali la kwanza ni kasi, la pili ni elektroni ngapi. Inayotakiwa ni nne, au karibu na nne.

Dalali bora anayejulikana kwa kazi hii ni platinamu, ambayo sehemu kubwa yake duniani hutoka Afrika Kusini, na bei yake kila mtu aijua. Tena platinamu hujua kazi ya kwenda tu. Ukitaka kuchaji, mambo yageuzwe, oksijeni itolewe irudi hewani, platinamu haifai sana, na wataalamu hutumia iridiamu au rutheniamu. Iridiamu inayochimbwa dunia nzima kwa mwaka haifiki tani 10. Betri ya nyumba ya mvuvi haiwezi kujengwa juu ya madini kama hayo.

Naitrojeni yafanya nini ndani ya kaboni

Kaboni ya namna ya grafiti imepangika kama wavu. Kila jicho la wavu lina pembe sita, na kwenye kila fundo kuna atomu moja ya kaboni. Wavu huu hupitisha umeme vizuri lakini haujali oksijeni. Oksijeni yaupita kama upepo. Sasa chukua fundo moja moja hapa na pale, toa kaboni, tia naitrojeni. Naitrojeni ni jirani wa kaboni kwenye jedwali la elementi: kaboni ina elektroni 6, naitrojeni ina 7. Yaingia kwenye wavu bila kuupasua, ila ina tabia ya kuvuta elektroni kuliko kaboni. Kaboni zilizo kando yake zabaki na upungufu mdogo, yaani chaji chanya kidogo, na oksijeni ikipita pale yanasa. Ikishanasa, mshikamano wake walegea, elektroni zaingia.

Hilo ndilo jambo lote kwa ufupi. Si naitrojeni yenyewe inayofanya kazi zaidi. Ni jirani zake waliosumbuliwa nayo. Mwaka 2016 Junji Nakamura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, walitumia vipande vya grafiti safi vilivyotayarishwa kwa uangalifu ili wamjue hasa mhusika. Walionyesha kuwa ni kaboni iliyo jirani na naitrojeni ya pembeni, ile iliyokaa ukingoni mwa wavu ikishikana na kaboni mbili tu. Naitrojeni iliyozama katikati ya wavu, ikishikana na kaboni tatu, haikuonyesha nguvu hiyo. Kwa mtengenezaji maana yake ni kwamba si wingi wa naitrojeni tu unaotakiwa. Yatakiwa kingo nyingi, yaani kaboni yenye matundu na mipasuko, si bapa zuri.

Safari ya kufika hapo ilikuwa ndefu. Mwaka 1964 Raymond Jasinski alionyesha kuwa kobalti iliyoshikwa katikati ya naitrojeni nne, ndani ya rangi ya kiwandani iitwayo fthalosaianini, yaweza kuipokea oksijeni kwenye seli za umeme. Umbo hilo si geni mwilini mwetu: hata damu hubeba oksijeni kwa chuma kilichoshikwa na naitrojeni nne. Baadaye watu wakaanza kuzichoma rangi hizo kwenye tanuri, wakaona zinafanya kazi vizuri zaidi zikiwa makaa kuliko zikiwa nzima.

Kishindo kilikuja 2009. Liming Dai na wenzake, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Dayton, Ohio, walitangaza katika jarida la Science kwamba mirija midogo mno ya kaboni yenye naitrojeni ilipokea oksijeni vizuri kuliko platinamu, tena kwa njia ya elektroni nne. Hapa nawaomba wasomaji mshike neno moja ambalo wanaosambaza habari hizi huliruka: katika maji ya alkali. Ndani ya asidi mambo si hivyo. Kwa bahati nzuri betri ya zinki ni ya alkali.

Wakosoaji hawakukosekana, na kwa maoni yangu walifanya kazi nzuri. Mirija ile ilioteshwa kwa kutumia kiwanja chenye chuma. Watengenezaji walisema walikitoa chuma chote; wengine wakauliza, je, kama kimebaki chembe? Kiasi kidogo sana cha chuma au manganizi chaweza kubadili matokeo, kisha sifa zote zikapewa naitrojeni. Mzozo huo ulidumu miaka. Leo wengi hukubali kuwa kaboni yenye naitrojeni peke yake yafanya kazi, na kwamba ukiiongezea chuma au kobalti kidogo yafanya vizuri zaidi. Kwa hivyo ukisoma maneno "bila metali yoyote", uliza walipimaje.

Kisha mchezo ukazidi. Kila mtu akawa anatia kitu chake kwenye kaboni na kutoa makala: huyu salfa, yule boroni, mwingine fosforasi. Mwaka 2020 Martin Pumera na wenzake wa Prague wakachoka. Walichukua mavi ya ndege, wakayatia kwenye grafini, wakayachoma, wakapima, na wakachapisha kwamba nayo yaliboresha uwezo wake kuliko grafini tupu. Ilikuwa ni dhihaka iliyofanywa kwa vipimo vya kweli, na ndiyo makala ambayo ningependa kila mwanafunzi aisome kabla ya kukimbilia tanuri.

Jinsi inavyopikwa

Mapishi yenyewe si magumu kuyaeleza. Unahitaji kitu cha kutoa kaboni, kitu cha kutoa naitrojeni, na moto wa nyuzi 700 hadi 1,000 za Selsiasi pasipo oksijeni. Hewa ikiingia, utapata majivu.

Watu huniuliza: hewani mna naitrojeni asilimia 78, kwa nini isiingie yenyewe? Kwa sababu naitrojeni ya hewani imeshikana yenyewe kwa yenyewe kwa nguvu zaidi hata ya oksijeni. Ndani ya tanuri hupita tu bila kufanya lolote, na mara nyingi ndiyo hiyo hiyo inayotumiwa kufukuza oksijeni. Inayotakiwa ni naitrojeni iliyokwisha kufunguliwa, kama ya amonia au ya mbolea ya urea, ile ambayo gunia lake huandikwa 46-0-0, maana yake asilimia 46 ya uzito ni naitrojeni.

Joto nalo ni la kupimia. Likiwa dogo, kaboni haipitishi umeme. Likizidi sana, naitrojeni hukimbia na wavu hubaki mtupu. Wapishi wa halua watanielewa: dakika chache huku au kule na sinia zima limeharibika.

Unga ukishatoka hupakwa kwenye kitambaa au karatasi ya kaboni pamoja na plastiki ya Teflon, ile ya sufuria zisizoshika chakula. Kazi ya plastiki ni kuzuia maji yasizibe matundu. Ukuta wa hewa ni lazima upate vitu vitatu mahali pamoja: hewa, maji na kaboni. Ukilowa kupita kiasi hewa haifiki. Ukikauka, kazi yasimama.

Kuchaji ndiko kwenye shida

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu ndipo habari njema nyingi zinapofichwa ukweli.

Kutoa umeme, kaboni yenye naitrojeni yaweza. Hilo silipingi. Lakini kuchaji ni kuigeuza shughuli: oksijeni yatolewa kwenye maji, palepale juu ya kaboni, kwa volti kubwa. Na kaboni ikikutanishwa na oksijeni kwa nguvu hufanya kile ambacho makaa hufanya siku zote. Huungua. Si kwa moto wala moshi, ila polepole, atomu moja moja, huwa gesi au huyeyuka kuwa kaboneti ndani ya maji. Kila unapochaji, kichocheo chajila chenyewe. Platinamu haina tabia hiyo kwa kiasi hicho. Makaa ni rahisi, na hii ndiyo bei ya urahisi wake.

Chukua mfano ulio bora kabisa. Mwaka 2015 kundi lile la Dai lilichapisha kaboni yenye naitrojeni na fosforasi kwa pamoja, nyepesi kama povu, inayofanya kazi mbili, kwenda na kurudi. Betri ya zinki waliyoitengeneza ilitoa volti 1.48 ikiwa haijaunganishwa na kitu, na ilitumia zinki vizuri: mili-ampea-saa 735 kwa kila gramu, wakati kiwango cha juu kabisa ni 820. Kazi safi. Kisha wakaripoti kuchaji mara 600.

Mara 600! Ukisikia hivyo wafikiri ni karibu miaka miwili ya kuchaji kila siku. Lakini soma sentensi yote: mara 600 kwa saa 100. Gawanya mwenyewe. Kila mzunguko ni dakika 10, kuchaji na kutoa. Taa ya nyumbani yataka kuwaka saa tano au sita kila usiku, na kuchajiwa kutwa nzima. Tena ili kufika hapo walitumia elektrodi tatu, mbili za upande wa hewa: moja ya kutoa umeme na nyingine ya kuchajia, ili ile ya kwanza isiungue. Hawakuficha, yote yameandikwa. Wanaoficha ni wanaonukuu.

Zinki pia ina vituko vyake. Ikirudi wakati wa kuchaji hairudi ilikotoka. Huota miiba kama matumbawe, na mwiba ukifika upande wa pili, betri imekufa. Halafu kuna upotevu wa umeme wenyewe. Kuchaji huhitaji karibu volti 2, kutoa hupata kama 1.2. Kwa kila uniti 10 za jua ulizotia, utavuna 6 hivi, nne zimekwenda na joto. Betri ya lithiamu hurudisha zaidi ya 9.

Yote haya hayamaanishi kuwa ni ndoto. Kampuni ya Fluidic Energy ya Arizona, ambayo baadaye iliitwa NantEnergy, ilifunga betri za zinki na hewa zinazochajika kwenye minara ya simu na vijijini, Indonesia ikiwemo. Na ipo njia nyingine ambayo mimi naipenda zaidi kwa mazingira yetu: usiichaji kabisa. Zinki ikiisha, toa sahani iliyoliwa, tia mpya, na ile ya zamani ipelekwe kituoni ikarudishwe kuwa zinki. Posta ya Ujerumani ilijaribu magari ya namna hiyo miaka ya 1990. Kwa mpango huo kaboni yenye naitrojeni hufanya ile kazi moja tu inayoiweza sana, ya kupokea oksijeni, na haiungui. Sisi tuliozoea kubadilisha mitungi ya gesi hatuwezi kushindwa kubadilisha sahani za zinki.

Sasa vifuu vyetu

Mama mmoja, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama huku kusini, alinijia na swali ambalo ndilo lililonifanya niandike. "Mwalimu, twaambiwa tukusanye vifuu na tutoe pesa za kujiandikisha, kuna watu watavinunua vya kutengenezea betri. Ni kweli ama ni porojo?"

Nilimjibu kuwa kemia ni ya kweli, biashara ndiyo yenye mashaka. Nieleze yote mawili.

Kemia kwanza. Kifuu ni malighafi nzuri ya kaboni. Makaa yake ni magumu, yana matundu madogo mengi, na tayari dunia huyatumia kuchujia maji. Lakini hayana naitrojeni ya kutosha. Ni lazima uyaongezee urea au kitu mfano wake. Maganda ya kamba ni kinyume chake: yana kaitini, ambayo ndani yake naitrojeni ni karibu asilimia 7 ya uzito, kwa hivyo huja na naitrojeni yake. Yana chokaa pia, na chokaa hiyo ni msaada usiotarajiwa. Ukichoma ganda, kisha ukaosha chokaa kwa asidi hafifu, mahali ilipokuwa pabaki matundu, na matundu ndiyo kingo, na kingo ndizo zinazotakiwa. Watafiti wa nje wamekwisha kutengeneza vichocheo kwa maganda ya kamba na kwa vifuu. Kwa hivyo anayesema yawezekana hasemi uongo. Kati ya viwili hivyo, mimi ningechukua maganda ya kamba wa Ngomeni na ghuba ya Ungwana kabla ya kifuu, ambacho kina wanunuzi wengine.

Biashara sasa, na tupige hesabu. Kichocheo hupakwa kidogo sana, tuseme miligramu 1 kwa sentimita mraba. Hiyo ni gramu 10 kwa mita mraba. Betri ya zinki na hewa ikitoa mili-ampea 20 kwa sentimita mraba kwa volti 1.2, mita mraba moja itatoa wati 240: taa za nyumba nzima, televisheni na friji ndogo. Gramu 10 ni uzito wa vijiko viwili na nusu vya sukari. Hata ukipaka mara tano ya hapo, ni gramu 50. Chukua gunia la kilo 50 za vifuu, choma, choma tena, osha, tuseme zibaki kilo 5 tu. Kilo 5 zatosha nyumba 100 kwa kipimo kizito, na 500 kwa kipimo chepesi.

Kwa maneno mengine, mji mzima wa betri hauhitaji lori la vifuu. Wahitaji magunia machache. Anayewaambia akina mama kuwa wataitajirisha kata kwa kukusanya vifuu vya betri hakupiga hesabu hiyo, au ameipiga na hakuwaonyesha. Thamani haiko kwenye gunia, iko kwenye tanuri na kwenye mtu anayejua kupima. Na mnunuzi wa kweli wa malighafi hamtozi muuzaji ada ya kujiandikisha. Nilimwambia yule mama wasitoe hata shilingi, na waendelee kuwauzia wachoma makaa kama kawaida.

Ambacho ningependa kukiona ni vyuo vyetu, Pwani University kule Kilifi na Technical University of Mombasa, vikilichukua suala hili kama la pwani hasa. Kwa nini la pwani? Kwa sababu hali ya hewa yetu ni mtihani wake mgumu. Maji ya potasiamu huvuta unyevu. Mombasa mwezi wa Mei, ukuta wa hewa utalowa na kuzama. Garissa mwezi wa Februari, utakauka. Hewa ya ukaa inayoingia pamoja na oksijeni hugeuza potasiamu kuwa kaboneti, na kaboneti huziba matundu kama chokaa kwenye birika. Betri iliyojaribiwa ndani ya maabara yenye kiyoyozi haijajaribiwa kwa ajili yetu. Tanuri la mrija, gesi ya kufukuzia hewa na kifaa cha kupima volti na ampea kwa usahihi ni gharama, ndiyo, ila si gharama ya kiwanda.

Na kwa yeyote atakayeletewa betri ya metali na hewa dukani au kwenye mradi, maswali yangu ni haya: yachajiwa mara ngapi, kila mara kwa saa ngapi, na ilijaribiwa kwenye unyevu gani? Akijibu la kwanza tu, bado hajajibu.

Walimu wenzangu na watoto wanaotaka kuiona kwa macho, mnaweza kuanza na alumini. Tandaza foili ya jikoni, juu yake weka tishu iliyoloweshwa maji ya chumvi mpaka ikolee, kisha juu ya tishu mwaga unga wa makaa ya kifuu kijiko kimoja au viwili na uloweshe kidogo. Kandamiza kijiti cha kaboni cha lile jiwe la tochi juu ya unga, kisiguse foili. Waya mmoja kwenye foili, mmoja kwenye kijiti. Unganisha tatu au nne kwa mfuatano na taa ndogo nyekundu ya LED itawaka. Isipowaka, kandamiza zaidi, ama makaa yenu yalichomwa kwa moto mdogo: hayo hayapitishi umeme vizuri. Iacheni saa kadhaa, kisha ifungueni muitazame foili mbele ya dirisha. Mtaona mwanga ukipenya kwenye vitobo, mahali alumini ilipoliwa.